Prado ya Japani, hardtop ya mradi au Defender ya Uingereza: ulinganisho kwa mnunuzi wa gari la zamani la porini

Mtu anayetafuta gari la zamani la kupita njia mbovu kwa kawaida huanza na jina la gari, akaenda kwenye bei, kisha akaishia kwenye rangi na hali ya viti. Swali linaloachwa nyuma ndilo lenye uzito kuliko yote: gari hili lilitengenezwa likaishi wapi? Land Cruiser mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja, moja kwa ajili ya mnunuzi wa Nagoya na nyingine kwa ajili ya mradi wa maji Kigoma, huweza kufanana kwa sura na kutofautiana katika karibu kila jambo ambalo mwenye gari atakuja kulilipia, kuanzia ukubwa wa matangi ya mafuta na ugumu wa springi hadi kiasi cha kutu kilichojificha ndani ya chasisi.

Ulinganisho huu unamlenga msomaji anayeishi Tanzania, mwenye fedha za gari moja, anayetaka gari lililoundwa takriban kati ya 1990 na 2004. Njia zinazolinganishwa ni tatu. Ya kwanza ni Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 90, ambayo yenye milango mitano hujulikana kama Prado 95, iliyouzwa kuanzia 1996 hadi 2002 na ambayo leo hununuliwa kwenye minada ya Japani. Ya pili ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yaani hardtop, au mkonga kama wengi wanavyoiita, yenye injini ya 1HZ, iliyoingizwa nchini ikiwa mpya na shirika, ubalozi au mradi, na sasa inauzwa kwa zabuni. Ya tatu ni Land Rover Defender 110 iliyotumika Uingereza, hasa yenye injini ya 300Tdi ya 1994 hadi 1998 au Td5 iliyofuata hadi 2007.

Land Cruiser 80 nimeiacha kwa makusudi. Pengine ni gari bora kuliko haya yote matatu, lakini sheria ya Marekani huruhusu gari la nje kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo likishafikisha miaka 25, na Australia nayo ina kanuni ya miaka 25 tangu 2021, kwa hiyo mnunuzi wa Dar es Salaam sasa anashindana na watu wanaonunua 80 kama pambo la kifahari. Prado 95 haijawavutia wanunuzi hao kwa kiwango hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuiweka hapa.

Sheria na kodi

Msomaji aliye nchi jirani atambue kwanza kama njia hizi ziko wazi kwake. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo Mkenya anayetaka magari ya umri huu hana budi kuyatafuta miongoni mwa yale yaliyomo nchini tayari. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, ingawa Burundi na mashariki mwa Kongo kumejaa magari ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani. Wasomaji wa huko watapata usukani unaowafaa zaidi kwenye magari ya mashirika au ya nchi za Ghuba, na kwa Mtanzania hali ni kinyume chake: hardtop ya bei nafuu iliyotoka ng'ambo ya mpaka mara nyingi ina usukani wa kushoto, na kuhamisha usukani ni kazi ambayo sijaona sababu ya kuipendekeza kwa yeyote.

Tanzania haikatazi gari kwa umri wake, lakini hulitoza. Chukulia gari ambalo thamani yake, pamoja na usafirishaji na bima hadi bandarini, ni shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5, na jumla inakuwa milioni 25. Juu ya jumla hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, yaani milioni 2.5, na mwingine wa asilimia 30 kwa gari la abiria lenye zaidi ya miaka 10, yaani milioni 7.5. Hapo ni milioni 35, ambazo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huziongezea milioni 6.3. Mnunuzi amelipa kodi ya milioni 21.3 kwa gari la milioni 20, na bado hajalipa tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, wakala wa forodha wala usajili. Umri peke yake umemgharimu milioni 8.85. Viwango hivi hufikiriwa upya katika bajeti ya kila Juni, hivyo kikokotoo kilichopo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kitazamwe siku ile ile ya kutuma fedha, si mwezi mmoja kabla.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba TRA ina hazina yake ya thamani za magari yaliyotumika, kwa hiyo ankara ya muuzaji haiwi neno la mwisho. Anayenunua mkweche wa bei ya kutupa huko Japani huweza kukadiriwa kodi inayokaribiana sana na ya mwenzake aliyechagua gari zima la mwaka na modeli hiyo hiyo. Kwa hesabu hiyo, kuagiza gari bovu la zamani ni hasara tangu siku ya kwanza. Kama ni kuagiza, agiza zuri.

Gari la mradi lina hesabu tofauti. Liliingia kwa msamaha wa kodi, na kodi hiyo hudaiwa linapohamia kwa mtu asiye na msamaha, kwa kuzingatia thamani yake ya wakati huo. Nyaraka nyingi za zabuni husema wazi kwamba gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, na kwamba kodi ni jukumu la mnunuzi. Sentensi hiyo ya mwisho huandikwa kwa herufi za kawaida katikati ya ukurasa, na kila mwaka wapo wanaoshinda zabuni wakafurahi hadi wanapofika forodha. Usiweke kiasi chochote kwenye bahasha kabla wakala wako hajakupa makadirio ya maandishi, na usichukue gari lenye namba za DFP (za miradi ya wafadhili) au za kibalozi kwa ahadi kwamba kadi itabadilishwa baadaye.

Ushahidi wa maisha ya gari

Hapa njia tatu zinaachana kabisa, na kwa maoni yangu ndipo uamuzi unapopaswa kuanzia.

Gari la Japani huja na karatasi ya mnada. Mkaguzi wa mnada hulipa daraja kwa nambari, na kwa gari la umri huu daraja la 3.5 au 4 ni zuri, ilhali herufi R humaanisha kwamba liliwahi kugongwa likatengenezwa. Pembeni huwa na mchoro wa gari uliojaa herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa likaacha mawimbi, S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Wauzaji wengi wa mtandaoni huonyesha picha zilizong'arishwa na kuificha karatasi hii; dai nakala yake halisi, umtafute msomaji wa Kijapani akutafsirie maelezo ya mkono, kwa kuwa maneno kuhusu kutu ya chini ya gari huandikwa hapo na si kwenye mchoro. Kilomita nazo zina shahidi wa pembeni. Dizeli nyingi za Toyota za umri huu huwasha taa ya kukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi, yaani ukanda unaoendesha valvu za injini, kila kilomita 100,000, na gereji za Japani hubandika kibandiko chini ya boneti chenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Prado inayosomeka kilomita 110,000 huku kibandiko kikisema mkanda ulibadilishwa kwenye 203,000 imekwisha kujieleza yenyewe.

Kwa nyaraka peke yake, Uingereza inashinda. Kila gari lililotimiza miaka mitatu hukaguliwa mara moja kwa mwaka katika mtihani uitwao MOT, na matokeo tangu 2005 yanasomeka bure kwenye tovuti ya serikali kwa mtu yeyote mwenye namba ya usajili, hata akiwa Songea. Utaona kilomita, au maili kama wanavyohesabu wao, za kila mwaka mfululizo, mahali lilipofeli, na onyo la mkaguzi kwamba chasisi imeanza kuliwa karibu na tairi la nyuma kulia. Defender yenye onyo la kutu kwa miaka minne mfululizo, kisha mwaka wa tano onyo likatoweka, ama ilitengenezwa vizuri ama ilipakwa lami nyeusi. Muulize muuzaji picha za kazi hiyo. Kwa kuwa Defender zimekuwa miongoni mwa magari yanayoibwa sana Uingereza, lipa pia ada ndogo ya kuchunguza kama gari lina deni au limeripotiwa kuibwa, na ulinganishe namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye hati ya usajili.

Hardtop ya mradi inaweza kuwa na kitabu cha safari na mafaili ya matengenezo, na pale ambapo ofisi ilikuwa na mtu makini wa usafirishaji, mafaili hayo ni dhahabu. Pale ambapo hakuwapo, hakuna kitu. Lakini hardtop ina ushahidi ambao hayo mengine mawili hayana: ipo hapa. Unaweza kwenda na fundi wako, akalala chini yake, akagonga chasisi kwa nyundo, akafungua kifuniko cha mafuta huku injini ikinguruma na kutazama moshi wa kupumua kwake, akaiwasha asubuhi ikiwa baridi. Nusu saa ya fundi mzuri chini ya gari ina thamani kuliko karatasi yoyote ya mnada, na ndiyo maana sielewi kwa nini watu wanaoishi Arusha au Mwanza hukimbilia kuagiza kabla ya kuzungukia matangazo ya zabuni ya mwaka huo.

Kutu, na mahali inakotoka

Magari yetu ya bara hayafi kwa kutu. Ya pwani huumwa nayo polepole. Japani na Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo huingia kwenye mikunjo ya chasisi ikabaki humo hata baada ya gari kuoshwa na kuvuka bahari. Likishashushwa Dar es Salaam na kukutana na joto na unyevu wa pwani, kutu huendelea kwa kasi kuliko ilivyokuwa huko lilikotoka.

Kwa Prado kuna jambo ambalo muuzaji hatakueleza. Mwaka 2001 Japani iliimarisha sheria yake ya moshi wa magari, na mwaka 2003 Tokyo na mikoa jirani ikaanza kutekeleza masharti yake makali dhidi ya dizeli. Dizeli za abiria zisizotimiza viwango hazikuweza kuendelea kusajiliwa katika maeneo makubwa ya miji ya Tokyo, Osaka na Nagoya baada ya muda wa mpito kwisha. Dizeli nyingi za miaka ya 1990 zilisafirishwa nje wakati huo, na Tanzania ilizipokea kwa wingi. Zilizobaki Japani hadi leo kwa sehemu kubwa zimebaki nje ya maeneo hayo, na sehemu kubwa ya nchi iliyo nje ya maeneo hayo ni ya theluji: Hokkaido na kaskazini mwa Honshu. Kwa hiyo anayeagiza Prado ya dizeli leo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata chasisi iliyokaa kwenye chumvi kuliko anayeagiza Prado ya petroli, ambayo haikuguswa na sheria hiyo na huenda iliishi Osaka maisha yake yote. Sijaona wanunuzi wakilizingatia hili, nao huendelea kulipa zaidi kwa dizeli.

Defender ina bodi ya alumini isiyoota kutu nyekundu, na hilo huwadanganya wengi, kwa maana chini ya alumini hiyo kuna chasisi ya chuma. Sehemu za kwanza kuoza ni boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka kwenye chasisi kubeba bodi, na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Habari njema ni kwamba Uingereza kuna watengenezaji wa chasisi mpya iliyochovywa kwenye zinki, na Defender iliyohamishiwa kwenye chasisi hiyo kwa picha na risiti inastahili bei ya juu inayodaiwa. Isiyohamishwa, na ambayo MOT zake zinataja kutu, iache huko huko.

Hardtop ya mradi iliyofanya kazi Dodoma au Tabora huwa na chasisi safi kwa kutu, lakini iliyochoka kwa namna nyingine: barabara zenye mawimbi ya vumbi huipasua kwenye mahali shokapu na springi zinaposhikwa. Nyufa hizo huchomelewa na kupakwa rangi kabla ya zabuni, kwa hiyo fundi atazame rangi mpya ilipo kwenye gari ambalo kwingine kote ni la vumbi.

Injini tatu

1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, na imekuwamo kwenye Land Cruiser tangu 1990. Ina nguvu za farasi takriban 130, ambazo kwa gari zito lenye abiria ni chache; ukipanda Kitonga utapanda na malori na utapata muda wa kutosha wa kutazama bonde. Sifa yake ni kwamba bloku na silinda hedi ni za chuma cha kusubu, pampu ya dizeli ni ya kimakanika, na hakuna kompyuta ya kuijeruhi. Mafuta yaliyochakachuliwa na maji kwenye tangi huitesa, lakini mara nyingi huishia kwenye nozeli na kichujio badala ya kuiua. Jambo moja tu halisameheki: mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni.

Prado ya dizeli iliyotengenezwa kabla ya 2000 ina 1KZ-TE, lita 3.0, yenye turbo na pampu inayodhibitiwa na umeme. Ni nyepesi na tamu barabarani kuliko 1HZ, lakini silinda hedi yake ni ya alumini na hupasuka gari likichemsha. Mara nyingi chanzo si injini yenyewe bali rejeta iliyoziba kwa miaka 25, klachi ya feni iliyochoka, na tabia ya gereji zetu ya kumwaga kulanti na kujaza maji ya bomba. Prado za dizeli za 2000 na kuendelea zilipewa 1KD-FTV yenye mfumo wa nozeli za shinikizo kubwa, ambayo ni ya kisasa na yenye nguvu zaidi, ila nozeli zake haziwezi kustahimili dizeli chafu ya pipani huko vijijini, na kubadilisha zote nne kunauma. Ndiyo maana, kwa mtu anayesisitiza Prado, napendekeza ile isiyo na umaarufu: ya petroli lita 2.7, injini ya 3RZ-FE. Inakula mafuta, takriban lita moja kwa kilomita saba, lakini inatumia mnyororo badala ya mkanda, na kila fundi wa Toyota anaijua.

300Tdi ya Defender ni lita 2.5, silinda nne, nguvu za farasi 111, ya kimakanika kama 1HZ na yenye matumizi madogo ya mafuta kuliko zote hapa. Kilomita tisa au kumi kwa lita si ndoto kwa dereva mtulivu. Nayo ina hedi ya alumini isiyopenda kuchemshwa, na mkanda wa taimingi ambao kwenye baadhi ya injini za mwanzo ulikuwa ukiliwa pembeni hadi ulipotolewa mpangilio uliorekebishwa. Td5 ina silinda tano, mnyororo wa taimingi na nguvu zaidi, lakini ina kompyuta, na mafuta ya injini huwa yanapenya kupitia nyaya za nozeli hadi kwenye plagi ya kompyuta hiyo. Kasoro hiyo hutengenezwa kwa urahisi na mtu anayeijua, na humtia wazimu asiyeijua.

Spea na mafundi

Hardtop inashinda hapa bila mjadala. Toyota imeendelea kuuza 1HZ katika masoko ya Afrika kwa zaidi ya miaka 30, na spea zake zinapatikana Gerezani na Kariakoo, za kiwandani kwa anayelipa na za kuiga kwa asiyelipa. Serikali, mashirika na kampuni za utalii za Arusha zote zinalitumia gari hili, kwa hiyo fundi wa Mpanda amekwisha kulifungua mara nyingi kabla ya wewe kukwama mbele ya gereji yake. Prado 95 inafuata kwa karibu, hasa kwenye miji, na spea za mtumba zipo Ilala.

Defender inategemea mahali unapoishi. Kaskazini mwa nchi, kuanzia Arusha hadi Loliondo, Land Rover za 109 na 110 zimebeba watu na mizigo kwa vizazi, mafundi wake ni warithi wa mafundi, na tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 jijini Arusha lilionyesha ni ngapi bado zinatembea. Huko 300Tdi haina upweke. Mtwara au Bukoba hali ni nyingine, na mwenye Defender atajikuta akiagiza spea kutoka Uingereza, ambako ni nyingi na za bei nzuri, kisha akisubiri. Td5 nje ya Arusha na Dar es Salaam siishauri kwa mtu asiyemiliki kifaa chake cha kusomea kompyuta ya gari.

Kuna pia vitu vidogo vya magari ya soko la Japani ambavyo havina hatari ila huchosha. Redio yao ya FM huanza 76 na huishia karibu na 90, hivyo stesheni zetu nyingi hazishikiki. Ramani ya kwenye kioo huendelea kudai diski kwa Kijapani hadi utakapoing'oa. Baadhi ya Land Cruiser za 70 na 80 za dizeli zilizoundwa kwa mikoa ya baridi zina umeme wa volti 24, wote au wa stata pekee, na fundi umeme asiyeambiwa huunguza kitu siku ya kwanza. Springi zao ni laini kwa sababu zilipangiwa lami. Hardtop iliyoundwa kwa masoko yetu ilikuja na springi ngumu, na ile ndefu ya HZJ78 ina matangi mawili ya lita 90 kila moja, jambo ambalo hulioni umuhimu wake hadi utakaposafiri kutoka Tabora kwenda Katavi.

Nani achukue lipi

Familia inayoishi mjini, inayosafiri kwa lami kwenda kijijini mara chache kwa mwaka na kupita kilomita 30 za tope mwishoni, ichukue Prado 95 ya petroli kutoka Japani, daraja la 3.5 au zaidi, bila S wala C kwenye mchoro wala maneno ya kutu ya chini ya gari kwenye maelezo ya mkono. Springi za mbele zinazojitegemea huwapa watoto safari ya kistaarabu, magurudumu yote husukuma wakati wote na difu ya kati hufungika, na breki ni za gari la abiria. Kuwapandisha watu hao kwenye hardtop ndefu, yenye mabenchi ya pembeni na kelele za injini zisizokoma kutoka Chalinze hadi Iringa, ni kuwaadhibu bila kosa.

Mkulima, mfugaji wa nyuki, mkandarasi mdogo, mtafiti wa misitu na yeyote ambaye gari lake likisimama kazi inasimama, achukue hardtop ya mradi yenye 1HZ na usukani wa kulia, hata kama kilomita zimevuka 300,000, mradi kodi imelipwa, kadi imehamishwa na chasisi haijapasuka. Ataumia kwenye bei, kwa kuwa magari haya hayashuki thamani kama mengine, lakini atakapoliuza atazirudisha fedha hizo kwa sehemu kubwa. Kwa wanaoanza kutoka sifuri, hili ndilo chaguo langu.

Defender ya Uingereza ni ya mtu mmoja tu: anayeipenda, anayeishi karibu na fundi wake, na asiyeshtuka maji ya mvua yakimdondokea gotini. Kwa hesabu tupu haishindi popote isipokuwa kwenye matumizi ya mafuta na uwazi wa historia yake. Akiichagua, achague 300Tdi yenye chasisi ya zinki kuliko Td5 safi yenye chasisi ya zamani.

Vyovyote utakavyochagua, tenga fungu la matengenezo ya kwanza kabla gari halijafika, wala usilihesabu kama akiba. Kwa 1HZ na 300Tdi ni mkanda wa taimingi na vifaa vyake, bila kuamini maneno ya muuzaji. Kwa 1KZ ni rejeta mpya, klachi ya feni, mkanda na kulanti halisi. Kwa Prado ya petroli ni mafuta ya gia boksi ya otomatiki na bushi za mbele. Kwa kila gari lililotoka nchi ya chumvi ni kulipeleka bara likaoshwe chini kwa maji mengi, likauke kabisa kwa siku kadhaa, kisha ndani ya chasisi kupuliziwe nta au mafuta mazito kabla ya mvua za masika.